Vidonge vya Mawese kutoka Perth

Kifurushi cha tatu kilifika Jumanne, na Ponnusamy alijua kilichomo kabla hajakifungua. Alikaa barazani, akapasua karatasi kwa kisu cha vitunguu, akatoa chupa ya vidonge laini, vyekundu kama damu ya mzee. Akatoboa kimoja. Tone la mafuta likamdondokea kidoleni, akalinusa.

"Mawese!" akasema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamkamata.

Miaka thelathini na moja alikuwa mtu wa mvuke katika kiwanda cha mawese nje ya Teluk Intan, Malaysia. Mikungu ya chikichi ilipoingia, yeye ndiye aliyeipika kwenye matangi marefu hadi tunda lilegee, likakamuliwe. Mafuta yale yalikaa kwenye kucha zake, kwenye kola za mashati, hata kwenye mto wa kulalia. Marehemu mkewe, Saroja, alikuwa akisema ameolewa na kikaangio. Sasa mafuta yaleyale yalivuka bahari, yakachujwa, yakatiwa kwenye vidonge, na binti yake Thulasi akayanunua duka la dawa huko Perth, Australia, akamrudishia kwa posta.

Yote yalianza siku ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil. Walikuwa wakizungumza kwa simu ya video, mjukuu akachungulia, Ponnusamy akataka kumwita, jina likagoma. Akamwita "wewe, binti mzuri." Wiki ileile Thulasi akasoma habari za tokotrienoli.

"Ni vitamini E, Appa, lakini si ile inayojulikana na kila mtu. Hii ni ndugu yake. Wanasema huenda inalinda ubongo."

"Huenda?"

"Huenda. Wewe kunywa tu. Kimoja baada ya chakula."

"Mimi nimeoga mawese miaka thelathini, mwanangu. Si ningekuwa profesa?"

"Appa, sitanii."

Hakunywa hata kimoja. Si kwamba alikuwa mkaidi. Kila alipoishika chupa aliona kama imetumwa ije kukaa pale badala ya binti yake, akaipanga kabatini na wenzake. Jumapili Thulasi akiuliza, alijibu, "Nimekunywa."

Alhamisi alikwenda kliniki kupima presha, chupa mfukoni. Daktari Norhayati, mwanamke mfupi asiye na haraka, alimtajia maneno matano, akazungumza naye habari za mvua, kisha akamtaka ayarudie. Ponnusamy alipata manne.

"Si mbaya, mzee. Wapo vijana wangu hapa hawafiki manne."

"Na hivi je?" Akamwonyesha chupa.

Daktari akasoma lebo. "Utafiti upo, hata hapa kwetu Malaysia. Kuna watu walipigwa picha za ubongo, ikaonekana dalili nzuri kidogo. Lakini bado ni mapema. Mtu asikudanganye kuwa vinarudisha kumbukumbu. Hunywi dawa ya kuzuia damu isigande?"

"Hapana."

"Basi kimoja kwa siku, usizidishe. Ila niambie, mara ya mwisho ulipiga soga na mtu lini?"

Ponnusamy akafikiri. "Jumamosi. Muuza mkate anayepita na pikipiki. Nilimwambia aniongezee wa nazi."

"Nimesema soga, mzee."

Akairudisha chupa mfukoni.

Jumapili alasiri simu ikalia.

"Umekunywa, Appa?"

"Sijanywa. Hata kimoja. Chupa zote tatu zipo hapa."

"Muda wote huu ulikuwa unanidanganya?"

"Nilikuwa nakudanganya."

"Kwa nini? Mimi niko huku, nifanye nini kingine?"

"Tunaongea dakika kumi, Thulasi. Tisa ni za vidonge."

Kule kukasikika sahani ikiwekwa mezani. Saa za Perth na za Teluk Intan ni zilezile. Jua lilikuwa limeinama jikoni kwake na kwa bintiye.

"Haya," Thulasi akasema taratibu. "Niambie kiwandani ulikuwa ukifanya nini hasa. Sijawahi kukuuliza."

Akamwambia. King'ora cha zamu, mvuke uliomla nyusi, msimamizi aliyeweza kulala wima, na fundi wa bwela la kuzalisha mvuke aliyekuwa akiuimbia mtambo ili presha ipande.

"Huyo aliitwa nani?"

Ponnusamy akafungua mdomo. Hamna.

"Litakuja, Appa."

"Lisipokuja?"

"Tutamwita Mwimbaji."

Kisha mjukuu alikuwa na darasa la kuogelea. "Nitapiga Jumatano," Thulasi akasema, na nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla ya simu. Ponnusamy alikula wali na mchuzi wa rasam wa jana, amesimama, akameza kidonge kwa maji. Hakutarajia kitu kutoka kwacho.

Jumatatu, akianika shati uani, jina likaja lenyewe. Velautham. Akalitamka kwa sauti, akageuka kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Palikuwa na ua, kamba, na shati linalodondosha maji. Kumpigia binti yake saa za kazi hakupenda, akaliandika kwenye kalenda ya ukutani, kwenye Jumatano.

Jumatano simu haikulia. Alikaa nayo mapajani mpaka kahawa ikapoa. Ililia Alhamisi asubuhi. Thulasi alikuwa garini, nje ya mahali anapofanya kazi.

"Appa, nisamehe, jana ilikuwa balaa tupu. Nina dakika tano. Ume—"

"Velautham."

"Nani?"

"Aliyekuwa akiuimbia mtambo!"

Thulasi akacheka, kicheko cha mama yake kabisa. "Alikuwa akiimba nini?"

Ponnusamy akakohoa, akaanza kumwimbia. Tangu Saroja afariki alikuwa hajaimba, na sauti ilikwaruza kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa. Alikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza dakika tano zilipokwisha, na simu haikukatwa.