Ng'ombe za Cucu Hazihesabiwi

Binamu yangu Kingori alianza kuishi Kanada mwaka mzima kabla ya kufika. Mwili ulikuwa hapa Gatitu ukikata nyasi ya nepia, lakini roho ilishavaa koti la baridi. Hata ng'ombe alikuwa akiwasalimia kwa Kiingereza, ati anafanya mazoezi. Nilimwambia wakianza kujibu aniite.

Kikabaki kitu kimoja. Bwana Pita, mzungu mwenye shamba la maziwa huko, alitaka kumwona Kingori akiwa zizini, kwa simu ya video, ndipo amwandikie barua ya kazi. Bila barua hiyo, ombi la kibali cha kazi halingeenda popote, na Kingori vilevile.

Siku yenyewe akatokea na suti ya harusi ya baba yake, chini gambuti.

"Unaenda kukamua ama kuoa?"

"Shiku, shika simu. Na ufunge mdomo."

Simu nilishika. Nyanya yetu, Cucu Wakonyo, akaleta kiti chake akaketi mlangoni. Ng'ombe ni wake, na hakuna mzungu angewaangalia bila yeye kumwangalia huyo mzungu.

Mambo yalienda sawa mpaka Bwana Pita akauliza, "Unatunza ng'ombe wangapi?"

Cucu anajua Kiingereza cha kutosha kusikia swali kama hilo. Akakohoa. Kwake mifugo haihesabiwi, wala watoto. Ukihesabu, unaita kifo kije kipunguze.

"Ni... wa kutosha," Kingori akasema, jasho likishuka kwenye tai.

"Wa kutosha ni wangapi?"

"Wengi kidogo."

"Kama wanne? Kama ishirini?"

"Hapo katikati."

Mzungu akakunja uso. Kanada ilikuwa inaondoka hivi hivi tukiiona.

"Sema tu," nikanong'ona. "Atafikiria umeazima ng'ombe za watu."

"Cucu ako na fimbo. Sema wewe."

Sikusema. Hata mimi napenda maisha.

Ikabidi nimweleze Bwana Pita ile miiko. Akauliza, bila kucheka, "Sasa mmoja akipotea mtajuaje?"

Nikamgeuzia Cucu swali.

"Muulize kama yeye iko na watoto," Cucu akasema. "Wakiingia kukula jioni, anahesabu vichwa, ama anaona tu ni nani hayuko?"

Nikatafsiri. Bwana Pita akamwita Kingori. "Haya. Sasa hivi, ni nani hayuko?"

Kingori akageuka. Hakuhesabu, naapa. Alitupa jicho moja tu. "Nyange! Woi, Nyange!"

Kumbe alivyoingia akikinga suti isiguse mavi, alisahau kufunga lango. Nyange, yule mweupe, alikuwa ng'ambo ya ua, kichwa chote ndani ya kabichi za jirani yetu, Mama Ngendo.

Kingori akaruka ua. Suruali ikasema kraa! Nikamfuata na simu, kwani mambo kama hayo hayafai kupita bila shahidi. Mama Ngendo alitoka akipiga nduru, lakini Kingori hakuinua hata kijiti. Alipiga mluzi, akamwita Nyange kwa Gikuyu, Kiingereza chote kimemwagika njiani, akamkuna shingoni taratibu. Nyange akatoka na jani mdomoni, akamfuata nyumbani kama bibi harusi.

Bwana Pita aliona yote, hata pale suruali ilipopasuka.

"Barua natuma kesho," akaniambia. "Mwambie huku tunavaa ovaroli."

Kibali kilitoka mvua ya masika ilipoisha. Juzi jioni Kingori akapiga simu, sauti juu: "Cucu! Ng'ombe za huku ziko na namba kwa masikio! Leo tumekamua mia..."

Cucu akakata.

Akapakua githeri, akaangalia benchi tunapoketi, akasimama kidogo na mwiko mkononi. Hakuhesabu.

"Shiku, mpigie tena," akasema. "Lakini umwambie aongee habari ya baridi ya huko tu."