Mshale Mlangoni kwa Baba Alphonse

Ramani niliichora mimi, Dorothée, na niliringa nayo kweli. Kwenye ubao wa kanisa niliweka chemchemi ya mlimani, nyumba za mtaa wetu hapa Baraka kando ya ziwa, na mishale minene ya chaki nyekundu ikionyesha bomba litakavyoshuka hadi kwetu. Nilichagua nyekundu ili hata waliokaa nyuma mkutanoni waone.

Baba Alphonse, mzee jirani yetu ambaye bomba lilipaswa kupita shambani kwake, alitazama mara moja tu.

"Mushale inatoka mulima, inakuja mu mulango yangu. Ni ba nani banakuja?"

"Ni maji, baba!"

"Maji iko wapi hapo? Mi naona mushale tu. Nakatala."

Nilichemka. Watoto wetu wanalazwa kwa kipindupindu cha maji ya ziwa, kesho mafundi wanahamishia bomba mtaa mwingine tukikosa pa kulipitisha, na huyu mzee anagombana na chaki! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe. Nikawaona akina mama nyuma yake, mikono mashavuni, nao wanauangalia mshale uleule.

Hapo nikakumbuka. Sote tulikimbia vita. Sote tuliwahi kuona wenye bunduki wakichora chini kwa kijiti, na pale ncha ilipogusa ndipo palipochomwa. Mshale wangu ulisema kuna kinachokuja, haukusema ni nini.

Nikafuta ncha zote. Nikaurudia mstari kwa chaki ya bluu, ukaishia kwenye robine, mfereji wa kufungulia maji, na chini yake nikachora bidoni, dumu la kutekea. Halafu nikaanzia mlangoni kwa Baba Alphonse: mshale mfupi, unaotoka nyumbani kwake kuelekea kwenye robine.

"Na huyu ni nani?"

"Ni weye, baba. Unaenda kuteka maji."

Akasogea, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye bidoni.

"Mi njo naenda?"

"Ni weye mwenyewe njo unaenda."

"Basi bafundi bapite. Lakini muhogo yangu bazunguke!"

Vigelegele vilipasua kanisa.

Siku maji yalipotoka nililia mbele za watu, na sioni haya. Baba Alphonse alikuja na bidoni yake, vidole vimejaa rangi. Tukageuka kutazama nyumba yake: ukutani, karibu na mlango, alikuwa amepaka mshale mkubwa, mwekundu, unaoelekea kwenye robine.

"Ni ya bageni," akasema. "Bajue maji iko wapi."