Kilango Kinachojifunga

Degedege lilimrudia mwanangu asubuhi, dripu ikiwa mkononi. Macho yakageuka, meno yakaumana. Nesi akaja mbio na bomba la dawa ya kumtuliza. Mshipa mwingine haukupatikana mwilini mwake; tumaini letu lilikuwa ule wenye dripu.

Mama mkwe akawahi. Ameuguza wengi, na manesi wa zamani walimfundisha kukunja mpira wa dripu juu kidogo ya mkono, dawa isije ikapanda kwenye chupa badala ya kushuka kwa mgonjwa. Akaukunja, akaubana kwa nguvu zote, midomo ikimtaja Mola.

Nesi akachomeka bomba kwenye kipande cha plastiki kilichokuwa juu zaidi kwenye mpira, akasukuma. Halikwenda. Akasukuma tena.

"Mshipa umeziba," akasema, uso umemsawijika.

Nikapiga magoti sakafuni kusali. Kutoka kule chini ndipo nilipoiona ngumi ya mama, iko kati ya dawa na mwanangu.

"Mama, achia!"

"Niachie dawa ipande juu? Una wazimu wewe?"

"Achia, mama," nesi akasema upesi. "Haipandi. Humo mna kilango."

Akaachia. Dawa ikashuka. Tukangoja bila kupumua, mpaka vidole vya mtoto vikaanza kulegea, na pumzi yake ikawa ya mtu aliyelala.

"Kilango gani tena?" mama akauliza, jasho likimtoka.

Nesi akatuonyesha. Ndani ya plastiki mlikuwa na kiwambo cha mpira, kidogo kama punje ya dengu. "Maji yakishuka, kinafunguka. Kitu kikitaka kurudi juu, kinajifunga."

"Nani anakiamuru?"

"Hakuna. Kile kinachotaka kurudi ndicho kinachokifunga."

Mama akajipiga paja. "Kumbe nimejipa uaskari kwenye lango lisilotaka askari! Nikamzuia mjukuu wangu mwenyewe!"

"Usijilaumu, mama. Hata moyoni mwake mna vilango vya namna hiyo, tangu akiwa tumboni. Yale mapigo tunayosikia ni vyenyewe vikijifunga."

Mama akainama, akaweka sikio kifuani pa mtoto, akakaa hivyo. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, na sala yote imenitoka kichwani.

"Njoo," akaninong'oneza, bila kuinua kichwa. "Njoo usikie. Vinafunga."