Sauti Asiyoijua Mzee Hadmat

Miaka yote aliyoishi katika nyumba ya mzee Hadmat, baba mkwe wake, Jhamku hakuwahi kumwonyesha uso wala kumsikilizisha sauti. Ndiyo heshima ya jangwa la Thar: mkaza mwana hujifunika ushungi, na chakula kikiiva hugonga sahani, mkwe akajua. Mila nzuri sana, siku ambazo upepo umelala.

Alasiri hiyo mumewe na mama mkwe walikuwa arusini. Mzee alikuwa akirudisha mbuzi pale mbingu ya magharibi ilipogeuka nyekundu, na kabla hajafika dhoruba ya mchanga ikamfunika.

Kila mtu wa huko anajua: ikikukuta nje, kaa chini, upe upepo mgongo, jifunge kilemba puani, usiinue hata mguu. Hadmat alijua kuliko wote. Lakini mtoto wa mbuzi alilia mbele yake, na kwa mbuzi mzee yule hakuwa na akili. Vumbi lilipopungua kidogo, Jhamku alimwona toka mlangoni akipapasa kuelekea kisima kikavu, kisicho na ukingo.

Akagonga sahani mpaka ikabonyea. Upepo ukaumeza mlio wote. Basi akaufunua ushungi, akapaza sauti: "Baba! Kaa chini!"

Mzee akashtuka. Mwanamke asiyemjua anaita ndani ya dhoruba! Nani asiyejua kwamba mizuka huita watu hivyo hivyo? Akaongeza mwendo kuikimbia sauti ile, moja kwa moja kuelekea shimoni.

Jhamku akaelewa, na kuelewa kulimchoma. Akinyamaza, mzee atatumbukia. Akiita, atatumbukia upesi zaidi. Amwambie nini ambacho mzuka haukijui?

"We Hadmat!" Jina la mkwe, ambalo hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake. "Mzuka unajua kama wewe unaiba sukari guru mtungini, halafu unawasingizia mbuzi? Mimi nakuona kila siku! Kaa chini, mzee mkaidi we!"

Hadmat akasimama. Kisha akaketi pu.

Jhamku akalowesha ushungi, akafunga kamba ya ndoo kwenye nguzo ya mlango na kiunoni mwake, akatambaa mpaka kwa mzee. Akautandaza ushungi ule juu ya vichwa vyao vyote viwili, mchanga ukiwachapa migongoni. Mzee aliogopa kufa. Jhamku aliogopa hata kupona, kwa vile alikuwa amemtukana mkwe.

Upepo ulipotulia, shimo lilikuwa hapo hapo, mkono ungelifikia. Mtoto wa mbuzi hakusikika tena. Jhamku akajifunika haraka, akainama kumshika miguu aombe radhi. Mzee aligeuza uso pembeni asimwone, huku akilia waziwazi.

"Sema tena," akamwambia. "Neno lolote, mwanangu. Nisije nikakukimbia siku nyingine."

"Twende nyumbani, baba," akasema Jhamku.