Ukuta Uliokataa Kufuata Barabara

Kama hujawahi kukutana na fundi Kipngeno wa Kaptembwo, basi hujawahi kuona mtu anayejua kuringa bila kufungua mdomo. Miaka thelathini na minane ya kupanga mawe, kutoka makanisa ya kwao Keringet hadi shule na zahanati za Nakuru mjini, na hakuna hata jiwe moja aliloliweka akalazimika kuling'oa. Hilo hakulisema yeye. Lilisemwa na mkewe, Chepchirchir. Kila jengo la mumewe likifunguliwa, mama huyo alifunga kitambaa chake cha kanisani, akaenda, akabandika kiganja ukutani na kusema, "Hauanguki." Neno hilo moja lilimtosha Kipngeno kuliko hotuba za wakubwa wote.

Sasa akaitwa mtaa wa Bondeni, huko huko Nakuru, kujenga msikiti. Na si msikiti wa mtaa tu! Waislamu wa nchi nzima walikuwa wamekubaliana kwamba hapa katikati ya Bonde la Ufa pasimame msikiti ambao kila Mkenya angeuita wake. Aliyeuchora alikuwa binti wa papo hapo Bondeni, Zamzam Rehan, Mnubi aliyezaliwa kwenye nyumba za kanjo, zile za baraza la mji. Kipngeno, mzee wa kanisa, alimuuliza nyapara Kiarie kama hawakosei kumpa Mkristo kazi hiyo. Kiarie akamjibu kwamba mawe hayana dini.

Watu wa Bondeni walinung'unika kwamba ramani haina kuba. Msikiti gani hauna kuba? Zamzam akawaletea mfano wa kadibodi, akauweka juu ya meza ya chai. Paa lilikuwa limekunjwa mikunjo mikunjo, linapanda na kushuka kama kingo za kreta ya Menengai. Katikati ya mikunjo aliacha nyufa arobaini na saba za kuingiza jua, moja kwa kila kaunti. Akawasha tochi ya simu, akaipitisha juu polepole, na mistari ya mwanga ikatembea sakafuni. Akasema mtu wa Lodwar na mtu wa Kwale watasujudu kwenye nuru moja. Wazee walionuna wakaisogelea meza. Kipngeno alikuwa amesimama nyuma yao na mwiko mkononi. Maisha yake yote alikuwa amejenga kwa mawe, na hakujua kwamba mtu anaweza kujenga kwa jua.

Alipewa ukuta wa mbele, ule ambao waumini wangeuelekea wakiswali. Ndio ungejengwa kwanza, na jengo lote lingepimwa kutoka kwake. Slabu, ile sakafu ya zege, ilikuwa pana, imeshamwagwa. Achola, mama aliyekuwa mpimaji wa mjengo huo, alikuwa amepiga misumari miwili Ijumaa jioni na kuvuta uzi wa kuonyesha mawe yakae wapi.

Jumamosi Kipngeno alifika wa kwanza, akautazama uzi ule, akatikisa kichwa kwa huruma. Ulikuwa umeenda upande. Na barabara hii hapa, imenyooka! Nyumba za kanjo hizi hapa, zote zimeifuata barabara, mstari mmoja tangu enzi za mkoloni! Fundi aliyemfunza kazi alimwambia kwamba nyumba ni kama mtu mwenye adabu, huisalimia barabara uso kwa uso. Kipngeno akawaza kwamba Achola amechoka, ana watoto, na Kiarie ameapa kuwa atakayekosea vipimo atarudi kwao siku hiyo hiyo. Mbona mama wa watu aaibike? Akang'oa misumari, akauvuta uzi upya sambamba na barabara, akaupima mara tatu, akaanza kupanga mawe. Hakumwambia mtu. Aliona wema wa namna hiyo hautangazwi.

Kufikia Jumatano, siku ambayo Achola alirudi kutoka mjengo mwingine alikotumwa, ukuta ulikuwa na safu nne za mawe ya manjano, yamebanana hata wembe haupiti. Saa saba mchana akaja Mzee Sebit, jirani ambaye babake aliswali hapo hapo tangu msikiti ulipokuwa wa mabati. Akatandika mkeka wake kwenye slabu, akaenda kufungulia mfereji wa maji atawadhe. Kipngeno akauona mkeka umekaa upande, haulingani na ukuta. Maskini, uzee huo, akawaza. Akainama, akaunyoosha vizuri kabisa.

Mzee Sebit akarudi miguu ikichuruzika maji. Akautazama mkeka, akautazama ukuta, akaurudisha mkeka ulivyokuwa. Kipngeno akamwomba msamaha, akamweleza kwamba alikuwa anaulinganisha na barabara tu.

"Barabara inaenda stesheni," Mzee Sebit akasema. "Mimi siendi stesheni. Kibla ni kule." Akanyoosha kidole upande wa kaskazini, kisha akaanza sala yake.

Macho ya Kipngeno yakafuata ukingo wa mkeka hadi kwenye slabu, na pale akayaona matundu mawili ya misumari ya Achola. Mstari wa kutoka tundu hadi tundu ulilingana na mkeka sawasawa.

Kabla hajajua la kufanya, Kiarie alishafika na ramani na futi yake. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa umehama mahali pake kwa hatua tatu nzima. Kiarie hakuuliza mengi. Alimwita Achola mbele ya mafundi wote, akamwambia akusanye vitu vyake aende. Achola aliapa kwamba uzi wake ulikuwa sawa, lakini nani angemsikia? Ukuta ndio ule, unamshuhudia.

Na hapa sitamtetea Kipngeno. Alinyamaza. Alinyamaza muda wa kutosha Achola kuzungusha uzi wake kwenye kijiti, kuvua kofia ya kazi na kuanza kutafuta viatu vyake. Akisema, jina la miaka thelathini na minane limekwisha, na pengine kazi pia, na Chepchirchir atamwambia nini? Akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua. Lakini aibu ilikuwa inamchoma. Alimhurumia mama huyu siku ambayo hakuwa na kosa, na leo anapohitaji huruma, yeye anatazama chini.

"Kiarie," akasema. "Uzi niliuvuta mimi."

Kiarie akamrudisha Achola kazini, na hukumu ya Kipngeno akamwachia Zamzam, aliyekuja Alhamisi. Kipngeno alingojea matusi, na angeyapokea kwa nafuu. Binti alimuuliza tu kwa nini, naye akamweleza habari ya nyumba yenye adabu. Zamzam akatandaza ramani juu ya zile safu nne, akaweka kidole kwenye kona nyembamba kati ya ukuta na barabara. Kipngeno alikuwa ameiona kona hiyo, akadhani ni ardhi iliyopotea bure.

"Baba, tukielekea Makka, barabara inabaki na hii kona," Zamzam akasema. "Sikuizungushia ua. Ni ya wapita njia, wa dini yoyote. Nimewawekea benchi la mawe na mfereji wa maji. Ukuta wako ulikuwa umeimeza."

Kisha akamwambia aubomoe yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe aujenge upya, kwa kuwa hajaona mkono mwingine unaopanga mawe hivyo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kipngeno aliyang'oa moja moja, akakwangua saruji bila kuvunja hata pembe, na Achola akamshikia uzi upande wa pili. Siku ya kwanza Achola hakumsemesha. Siku ya pili alimwambia, bila kumtazama, kwamba wema ukimjia tena aulize kwanza. Kipngeno akaitikia, ndiyo, mama.

Ikapita miezi kumi na minne. Siku ya kufungua milango majirani wote walialikwa, na Chepchirchir akaja kutoka Kaptembwo na kitambaa chake. Kipngeno alikuwa hajamwambia kitu. Miezi yote hiyo alilala na siri hiyo kitandani.

Walivua viatu mlangoni. Soksi ya Kipngeno ilikuwa na tundu, mkewe akamfinya. Lakini walipoingia ndani Chepchirchir aliisahau soksi. Paa lilikunjuka juu yao hadi mbali, bila nguzo hata moja katikati, na jua la saa nne lilishuka kwenye nyufa zote kwa pamoja. Mstari mmoja ulikuwa umemlalia Mzee Sebit begani. Mwingine ulipita kwenye miguu ya mchungaji wao wa kanisani, aliyekuwa amesimama hapo na soksi zake, kichwa juu, mdomo wazi. Lo, ilikuwa nzuri nyumba ile! Hata Kiarie alifuta macho akisingizia vumbi.

Walipotoka Chepchirchir akataka kuonyeshwa ukuta. Kipngeno akampeleka kwenye kona. Muuza ndizi alikuwa amepumzika kwenye benchi, beseni lake kando. Chepchirchir akanywa maji ya mfereji, akajifuta mdomo, akabandika kiganja ukutani. Kabla hajasema, mumewe akamzuia.

"Huu niliubomoa," akasema. "Nilikosea, mama watoto. Safu nne. Nikang'oa mawe yote."

Chepchirchir hakuuondoa mkono. Kisha akamwomba muuza ndizi asogee kidogo. Akaketi, akauegemea ukuta kwa mgongo wake wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kanisa lolote alilojenga mumewe.

"Hauanguki," akasema.

Kipngeno akaketi kando yake.