Baridi ya Saa Nane Mchana

"Mama, nasikia baridi."

Jua la saa nane lilikuwa linachoma bati la wodi, na mwanangu Teresia anatetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Juu yake ilining'inia chupa ya damu. Damu ya Thadeo.

Mwaka ule wa 1975 tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nje kidogo ya Kilosa. Teresia alianguka kutoka kwenye trela la trekta tukitoka shamba la pamoja, akapasuka bandama. Daktari akamfanyia operesheni, akasema damu iliyobaki mwilini ni kidogo. Ya kwangu haikufaa. Thadeo, jirani yetu kijijini, akanyoosha mkono bila kuombwa mara mbili. Yeye Mnyamwezi, sisi Wasagara; watani tangu mababu, na kwa mtani hata ugonjwa una kicheko.

"Damu yangu hiyo, inatafuta pa kukaa," alisema akiwa mlangoni. "Haijazoea uvivu wa Kisagara. Mwacheni, itamfundisha kulima."

Wodi nzima ikacheka. Teresia naye akajaribu. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikamwongezea kanga ya pili.

"Mama, kiuno kinaniuma. Kifua kinabana."

"Tulia mwanangu. Mtani huyo anaingia."

Niliishia darasa la nne. Sikujua kwamba mwili unaweza kuikataa damu ya mwingine, zikapigana humo humo mishipani mpaka figo zikaacha kufanya kazi. Na kumwita nesi niliona kama kumtia Thadeo aibu mbele za watu, kama nimekataa utani wake.

Teresia aliishi siku tatu tu. Hadi leo trekta likipita natoka nje, namwangalia aliyekaa nyuma. Najua si yeye. Natoka hivyo hivyo.

Wewe mama unayeuguza, mgonjwa akisikia baridi damu ikiingia, akiwashwa, akiumwa mgongo, usingoje. Ita nesi, hata kama wote wanacheka.

Mimi sikuita. Chupa ilipofika nusu, mkojo wake ukatoka mweusi kama kahawa, ndipo Sista Raheli, nesi wa zamu, alipouona mwenyewe. Akaubana mpira wa damu, akanigeukia.

"Ameanza lini kutetemeka?"

Thadeo alikuwa ameacha kucheka. Teresia alinitazama, midomo imekauka, akingoja niseme.

"Sasa hivi, sista," nikajibu.

Teresia akafumba macho. Hakunibishia.