Utando wa Mwalimu Safina

Kabla Safina hajaja, kemia pale sekondari ya Ibighi ilikuwa ya Ezron peke yake. Kisha shule za watu binafsi zikaruhusiwa, zikachipuka kama uyoga, na mkuu wa shule, akihofia kukimbiwa na wanafunzi, akamwajiri binti huyo wa muuza vitambaa, aliyetoka chuo kikuu juzi tu. Tangu hapo ikawa Mwalimu Safina kasema hivi, Mwalimu Safina kasema vile. Ezron alicheka na wenzake, lakini kijicho kilimla ndani kwa ndani.

Siku ya wazazi, Safina alipanga kuonyesha utando wa polima aliopewa chuoni. Ulikuwa mwembamba kama nailoni, ukinywa maji ya baridi na kuvimba. Maji yakipata joto, unanywea na kuyatema. Wakulima wa chai walifika kutoka Kyimo na Kawetele, mvua ikiwanyeshea.

Ezron alikuta beseni la Safina la maji ya baridi mezani, darasa tupu. Akachukua birika la chai ya wageni lenye maji yaliyochemka, akamimina kiasi cha kuyafanya maji ya beseni yawe moto bila kutoa mvuke. Akaenda kukaa nyuma.

Safina alitumbukiza utando. Watu wakangoja. Utando ukabaki vile vile.

"Haunywi!" mzee mmoja akasema. Ezron akainama kuficha furaha.

Safina alichovya kidole. Kisha akainua uso.

"Bado haujanywa, babu. Maji haya ni ya moto. Mwalimu Ezron, tafadhali, tuletee ndoo ya maji ya mvua."

Wote wakamgeukia. Ezron akaenda, akaleta. Safina akauhamishia utando ndoani, nao ukaanza kuvimba, ukawa mnene, laini kama ute wa yai. Akaurudisha kwenye beseni. Ukanywea mbele ya macho yao.

"Ndaga fijo, mwanangu!" yule mzee alishukuru, na darasa zima likapiga makofi.

Wageni walipokwenda kunywa chai, Ezron alimfuata Safina mlangoni.

"Mwalimu, maji yale..."

"Nilikuona kupitia dirisha, ukiinamia beseni," Safina alisema. "Sikujua umefanya nini mpaka nilipoyagusa."

"Utamwambia mkuu wa shule?"

"Sina haja."

Akaenda zake kwa wazazi waliokuwa wakimwita. Ezron alibaki pale, akiona heri angemtukana. Hata uungwana wake aliuonea wivu.